Mvinje Niliouita Msonobari

Mwantumu alinipigia simu Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ambayo sisi wastaafu wa Pugu tunajifanya tunasoma gazeti kumbe tumesinzia. "Shikamoo mwalimu. Mie Mwantumu, mjukuu wa Bi Chausiku wa Kawe. Mvinje umeanguka." Kabla sijaitikia hata hiyo shikamoo nikamwuliza umeangukia wapi, na nilikuwa nimeshasimama, kiatu kimoja mguuni. "Umeangukia nje, njiani. Jiko zima, nyumba nzima, hakuna aliyeguswa. Ila Bibi anakuulizia. Kasema aitwe mwalimu." Nikamjibu nitafika kesho asubuhi, nikakata simu, nikakaa. Mke wangu akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mti tu umeanguka. Akanitazama, akasema kwa miaka yote tuliyooana hajaniona nimesawijika namna ile kwa ajili ya mti.

Hofu yangu haikuwa ya mti. Niliishi katika ua wa Bi Chausiku mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na katika mwaka huo nusura nimpotezee jiko na kisima kwa neno moja nililoliandika kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mzuri sana. Mambo yaliisha salama, nashukuru Mungu. Lakini tangu nihamishwe pale, zaidi ya miaka thelathini sasa, nilikuwa nimemwona mara mbili tu, zote msibani, na mara zote mbili alinisalimu mbele za watu: "Ee, Mwalimu Msonobari, hujambo?" Watu wakacheka, naye akacheka, nami nikacheka, halafu nikarudi nyumbani nikijiuliza kicheko kile kilikuwa cha aina gani. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuwahi kumwomba. Kutoka Pugu hadi Kawe ni mji mmoja huo huo, mtu hapandi meli, lakini sikuwahi kwenda kumwuliza.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na minne, na cheti cha ualimu kilichokuwa bado kinanukia gundi, na imani kubwa kwamba watu wa pwani walikuwa wakinisubiri niwaelimishe. Shule ilikuwa karibu, na mwalimu mkuu, mama mnene asiyependa maneno mengi, alinielekeza kwa Bi Chausiku kwa kuwa alikuwa na chumba cha uani na hakupenda wapangaji wenye redio. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, kitanda cha mbao, meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, na ukuta ambao upande wa pili ulikuwa jiko. Ukuta huo ndio ulionilea. Alfajiri nilisikia kuni zikivunjwa, kisha upawa ukimimina unga wa mchele uliokwisha kuumuka kwenye kikaango cha matundu saba, kisha ile harufu ya iliki na tui ikapenya juu ya ukuta, mahali bati lilipoachia nafasi. Bi Chausiku alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Vitumbua vyake vilikuwa vikigombewa na mtaa mzima, na nilijifunza Kiswahili cha pwani kwa kusikiliza wateja wake nikiwa bado kitandani. "Bi Chausiku, vya leo mbona vidogo?" "Vidogo wapi, mdomo wako ndo umekua." "Niongeze basi kimoja." "Kaongezwe kwa mkeo, sie hapa tunauza." Nikitoka kupiga mswaki nilikuta sahani yangu kwenye kizingiti, vitumbua vinne na chai ya rangi, imefunikwa kwa kawa. Kodi yangu haikuhusu sahani hiyo. Nilipomwuliza alisema mwalimu mwenye njaa hupiga watoto wa watu.

Na juu ya hayo yote ulikuwapo ule mti. Ulisimama pembe ya ua, mrefu kuliko mnazi wowote wa mtaa ule, na majani yake membamba marefu yakining'inia. Upepo wa mchana ukianza kutoka baharini ulikuwa ukivuma kwa sauti moja ndefu isiyokatika. Siku ya kwanza nilipoisikia sauti ile nilikuwa nimejilaza baada ya kipindi cha mwisho, na machozi yalinitoka. Kwetu Mufindi misonobari huvuma vile vile. Nilitoka nje nikautazama vizuri: majani kama sindano, chini yake vitunda vidogo vigumu kama mbao vyenye vitundu, na udongo umefunikwa na majani makavu ya kahawia. Nikasema moyoni, huyu ni wa kwetu. Sikutaka ushahidi zaidi. Nilikuwa na upweke ambao sikumwambia mtu, na nilipata ndugu.

Kila mtu mtaani alikuwa na jina lake la mti ule. Bi Chausiku na majirani wote wa asili ya pale waliuita mvinje. Mzee Gulamu, mwenye duka la vitambaa lililotazamana nasi, aliuita saru, akasema babu zake kule Kachi, Bara Hindi, walikuwa nao. Watu wa kwaya, ambao kila Desemba huja kuomba matawi, waliuita mti wa Krismasi, na Bi Chausiku huwakatia bila shida yoyote, akiwaambia wasisahau kumwimbia na yeye. Mimi nikawa nawasikiliza wote kwa huruma. Asubuhi moja nikiwa nakunywa chai nikaona sasa imetosha. "Mama, huu mti jina lake hasa ni msonobari," nikamwambia. "Huko kwetu iko misitu mizima." Akageuza kitumbua. "Huu?" "Huu." "Tangu nazaliwa naambiwa mvinje." "Ni jina la kienyeji tu, mama." Akafuta mikono kwenye khanga. "Haya. Wewe ndo mwalimu."

Mwantumu alikuwa na miaka saba wakati huo, na alikuwa akiishi na bibi yake. Siku hiyo hiyo alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi akicheza mchezo wa watoto wote wa mtaa ule. Alichukua jani moja jembamba la ule mti, akatugeuzia mgongo, kisha akarudi akalinyoosha mbele ya bibi yake: "Wapi nimekata?" Bi Chausiku akaliangalia, akaweka ncha ya kidole. "Hapa." "Siyo!" "Hapa basi." "Ndo hapo!" Jani likaachia pale pale kwenye kidole, vipande viwili. Bibi akanieleza, kwa kuwa aliniona natazama, kwamba jani la mvinje ukilivuta linatoka, ukilirudisha linaingia, na anayetafuta haoni lilipokatwa. "Sie wote tumekulia mchezo huu. Na ukikutana na mjanja, anakupa zima, hajakata kitu, unatafuta mpaka macho yanakuuma." Nilitabasamu kwa adabu, nikarudi kusahihisha madaftari. Ningekuwa mwalimu kweli ningechukua jani moja nikalivuta. Badala yake wiki hiyo niliwachorea darasa la tano mti ule ubaoni, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa: MSONOBARI.

Ilipofika katikati ya mwaka ofisi ya kata ikatangaza kwamba kila mwenye nyumba ajaze fomu ya mipaka. Ieleweke kwamba pale wakati ule mpaka ulikuwa mti. Watu hawakuwa na bikoni wala ramani; walikuwa na mnazi wa fulani, mkorosho uliopinda, mstari wa minyaa. Fomu iliuliza alama za pande nne, na Bi Chausiku akaniletea pamoja na karatasi yake ya kununulia kiwanja, iliyokunjwa ndani ya bati la majani ya chai. Karatasi ile iliandikwa Kiswahili kitupu, lakini kwa herufi za Kiarabu. Yeye aliisoma vizuri kabisa, kidole kikienda kutoka kulia, na mimi niliyejiona msomi sikuweza kusoma hata herufi moja. Upande wangu nao, fomu ya serikali ilikuwa kwa herufi za kizungu ambazo yeye hakufundishwa. Kwa hiyo tulikaa mezani kwangu, kwenye ile meza yenye mguu mfupi, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Akanisomea: kaskazini barabara, kusini mnazi wa Mwinyi, magharibi minyaa, mashariki mpaka kwenye mvinje mkubwa. Nikaandika barabara. Nikaandika mnazi. Nikaandika minyaa. Kisha nikaandika msonobari.

"Umeandika mvinje?" akauliza. Alikuwa ameinama juu ya karatasi, akiitazama kalamu yangu. "Nimeandika jina lake la kitaalamu, mama. Serikalini ndivyo wanavyotaka." Hakuna mtu serikalini aliyeniambia hivyo. Alinitazama mara moja, kisha akatumbukiza dole gumba kwenye wino na kulibandika pale nilipomwonyesha. Nimefanya makosa mengi katika kazi yangu, nimempiga mtoto ambaye hakukosa, nimesahihisha jibu sahihi kuwa kosa, lakini hakuna ninaloliona waziwazi kama lile dole gumba likishuka.

Upande wa mashariki alikaa Mzee Kondo, fundi cherehani aliyekuwa amepunguza kazi kwa ajili ya macho. Alikuwa mtu mcheshi, na kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la jiko kununua vitumbua. Lakini mwanawe alikuwa anaoa, na hakuwa na pa kumjengea. Fomu zilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata ili mwenye pingamizi ajitokeze, na Mzee Kondo akasimama mbele ya ubao ule akasoma fomu ya Bi Chausiku mpaka mwisho. Ndani ya ua wetu, karibu na kisima, kulikuwa na kisiki cha mvinje mwingine uliokatwa zamani. Akaenda barazani na maelezo mafupi sana: karatasi ya ununuzi inasema mpaka ni mvinje, mwenyewe ameandika na kuweka dole kwamba mti uliosimama pembeni ni msonobari, basi mvinje wa karatasi ni ule wa kisiki. Kutoka kwenye kisiki hadi kwenye mti palikuwa na hatua kumi na mbili, na ndani ya hatua hizo kulikuwa na kisima, jiko la vitumbua, na chumba changu.

Wito wa baraza ulipoletwa Bi Chausiku alinipa niusome, na nilipomaliza akaenda kuangalia mchele wake. Hakunigombeza siku ile wala siku iliyofuata. Sahani yangu iliendelea kuja kizingitini, vinne vile vile, imefunikwa vile vile, ila hakukaa tena karibu kunisemesha nikila. Siku ya pili, mchana, nilimsikia kupitia ukuta akizungumza na dada yake aliyekuja kutoka Tegeta. "Nitapikia wapi mie? Barabarani?" Dada akasema labda baraza litaelewa. "Litaelewa nini, na dole langu lipo pale? Nilimwuliza, umeandika mvinje? Mara moja niliuliza, dada. Nikamwamini mtoto wa watu kwa kuwa ana kalamu." Nilikuwa nimeshika kijiko cha sukari. Nilikiweka mezani polepole sana ili wasijue kwamba nipo.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, nilikwenda chini ya mti nikachuma jani moja. Nikalivuta. Likaachia. Pale lilipoachia palikuwa na vijino vidogo vimezunguka, na nilipolirudisha likaingia kwenye nafasi yake na sikuona tena mahali. Nikalivuta mahali pengine, likaachia tena. Lilikuwa pingili tupu, kama muwa, toka mwanzo hadi mwisho. Nimekua ndani ya misonobari. Najua jani la msonobari: halina pingili, na hutoka kwenye tawi kwa vichane. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utoto, na kwa miezi mitano nilipita chini ya mti ule kila siku bila kuinua mkono. Nilisimama pale na vipande vyangu viganjani, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kujua ni jambo moja. Kusimama mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu na kusema sijui mti ni jambo jingine, na sitaki kujifanya shujaa: nilikaa siku mbili nikitafuta njia ya kukwepa. Nikajisemea baraza wenyewe ni watu wa pale, wataona. Nikajisemea mimi ni mpangaji tu. Mwalimu mkuu nilipomgusia alifikiri kidogo akasema, "Mgaya, ukisimama kule ukasema hujui mti, Jumatatu watoto watakuuliza kama hesabu unajua." Lakini asubuhi ya tatu sahani ilikuja na vitumbua vitano. Sijui kama alikosea kuhesabu au alitaka kunipa nguvu ya kula. Sikuviweza. Nilivifunga kwenye karatasi nikaenda navyo kwa karani wa baraza kuandikisha jina langu miongoni mwa mashahidi, na nikamwachia yeye.

Baraza lilikaa Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha ofisi ya kata, wajumbe watano juu ya mabenchi ya shule, mwenyekiti akiwa Mzee Pazi, mtu mkimya aliyekuwa na tabia ya kuvua kofia yake na kuitazama ndani kila aliposikia uongo. Watu walijaa hadi mlangoni. Niliona wazazi wa darasa la tano wote. Mzee Pazi aliisoma karatasi ya zamani kwa sauti, kisha karani akasoma fomu yangu, na neno msonobari liliposomwa chumba kikasema mmh. Nikainuka. "Mimi ndiye niliyeandika. Bi Chausiku alinisomea mvinje, mimi nikaandika msonobari. Aliniuliza, nikamdanganya kwamba serikali ndivyo inavyotaka. Sikuujua mti huu. Nilikosea." Mzee Kondo hakungoja. "Waheshimiwa, huyu mwalimu analala pale, anakula pale. Vitumbua vile vya bure kila siku, hata mie ningepewa ningewaambia mbuyu ni mchicha." Watu wakacheka sana, na mimi nilisimama nikawangoja wamalize.

Mzee Pazi akanigeukia. "Mwalimu, shuleni umefundisha msonobari. Kwenye fomu msonobari. Leo mvinje. Sasa sie tukuamini kwa lipi?" Nikamjibu wasiniamini, ila watume mtu akachume tawi. Karani akatumwa, ua wetu haukuwa mbali, akarudi na tawi zima majani yakiburuza. Mzee Pazi akaagiza apewe kwanza mlalamikaji alikague. Mzee Kondo akalipokea huku akiendelea kusema. Alisema kwamba yeye ni jirani mwema, kwamba hana ugomvi na mtu, kwamba yeye anafuata maandishi tu, na wakati akisema hivyo vidole vyake vya ushonaji vilichuma jani moja, vikalivuta, vikalirudisha, vikalinyoosha. Bado akisema, akamsogezea mjumbe aliyekaa karibu naye, mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa pili. Na yule mama, bila kufikiri, akainama akaweka kidole. "Hapa," akasema.

Mzee Kondo akatazama mkono wake mwenyewe kama vile ulikuwa wa mtu mwingine. Mzee Pazi akavua kofia, hakuitazama ndani, akaiweka magotini. "Kondo," akasema kwa upole, "tangu lini umecheza na msonobari?" Mabega ya fundi yule yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akatoa leso. "Mmenikamata. Mvinje, bwana. Mvinje. Tumekulia chini yake sote, mie na huyu Chausiku." Na baraza zima likacheka naye, na safari hii nilicheka na mimi.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mpaka ubaki kwenye mti uliosimama, na mwalimu aliyeandika afute kwa mkono wake, aandike jina la mti, aweke saini. Nilikata msonobari kwa mstari mmoja, nikaandika mvinje. Bi Chausiku akaletewa wino, lakini dole akalishikilia hewani. "Soma kwanza," akaniambia. Nikasoma. "Rudia." Nikasoma tena mvinje. "Sauti, na walio nje wasikie." Nikasema mvinje kwa sauti ya paredi, na hapo tu ndipo akaliweka dole. Jumatatu niliingia darasa la tano nikafuta mchoro nikachora upya, na mwanafunzi mmoja wa kike akainua mkono akauliza, kwa adabu tupu, kama hesabu za wiki iliyopita nazo tuzifute.

Asubuhi iliyofuata baraza, Mzee Kondo alikuwa wa kwanza dirishani kama kawaida, na nilimsikia kupitia ukuta. "Vitatu, mama. Kama bado unaniuzia." "Nakuuzia. Ila leo vya kwako vidogo." Nilijifunika shuka usoni nikacheka. Miezi iliyobaki ilikuwa ya amani. Alirudi kukaa karibu nikila, akinisimulia habari za mtaa, na hakuligusa tena suala lile hata mara moja, isipokuwa jina alilonibandika, ambalo lilisambaa hadi shuleni. Januari uhamisho wangu ulipokuja alinifungia vitumbua vya safari kwenye kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kusema nisamehe mama. Nilisema asante mama. Akasema nenda salama, na gari la mizigo likaondoka.

Hiyo ndiyo sababu Jumatatu hii nilikuwa nimesimama tena kwenye ule ua nikiwa na mvi, natafuta pa kuweka mikono. Mvinje ulikuwa umelala njiani kama Mwantumu alivyosema, mizizi juu, na vijana wawili walikuwa wanaukata kwa msumeno wa mashine. Ulikuwa umeanguka upande pekee ambao usingeua mtu. Pale ulipokuwa umesimama, hatua moja tu pembeni, niliona bikoni ya saruji yenye namba. Mwantumu akaniambia wapimaji walikuja miaka mingi iliyopita, hati imetoka, na wajukuu wa Mzee Kondo walisaidia kushika kamba. Siku nyingi mti haukuwa na kazi yoyote ya kulinda. Kisiki karibu na kisima hakikuwapo tena. Jiko lilikuwapo, ukuta umepigwa lipu, na ndani yake jiko la gesi na kikaango cha matundu saba, kile kile au mjukuu wake.

Bi Chausiku alikuwa amekaa kitini mlangoni mwa jiko, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miwani minene, masikio mazima kabisa. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, Mwalimu Msonobari. Umezeeka." Nikamwambia hata mti umezeeka. Akasema mti umepumzika, na kwamba aliniita kwa kuwa haingekuwa vizuri ukachanwa kuni bila mimi kuwapo. Mwantumu akaleta kigoda, nikakaa karibu na miguu yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, kwa hiyo niliyatoa yote kwa pamoja kabla hayajaniganda tena. "Mama, ile fomu. Sikuwahi kukuomba msamaha. Naomba unisamehe."

Alikuwa na tawi mapajani, ameletewa na vijana wa msumeno. Akachuma jani moja, akageuza mikono kidogo upande wa ukuta nisione, akashughulika nalo kwa muda mrefu. Kisha akalinyoosha mbele yangu, huku na huku, kidole na kidole. "Wapi nimekata?" Nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa. Nikaanza upande wa kushoto nikaenda pingili moja moja. Nikaweka kidole. "Hapa." Akatikisa kichwa. Nikaweka pengine. Akatikisa. Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani, ameziba mdomo kwa khanga. Nilirudi mwanzo nikatafuta tena, na macho yangu, sitaficha, yalikuwa yamejaa maji kiasi kwamba sikuona hata pingili.

"Unatafuta nini, mwanangu?" akasema Bi Chausiku, akanitia lile jani kiganjani akakifunga. "Zima hilo. Sijakata popote."